Kindi huwindwa kwa ufundi, waya wa mtego hauna ufundi wowote

Mhariri,

Msomaji wako wa Kasarani aliyeandika wiki iliyopita alinichekesha, kisha akaniudhi. Alisema Wamarekani wanaobeba bunduki kwenda kuwinda kindi ni sawa na mtu anayeua mbu kwa nyundo. Huyo hajawahi kumlenga kindi. Naomba nafasi nimjibu, maana bunduki hizo nimezishika mwenyewe, za hapa kwetu kabla ya marufuku ya uwindaji ya 1977 na za kule ughaibuni miaka ya karibuni.

Kindi wa kijivu wa Marekani ana uzito wa nusu kilo hivi. Ukimpiga kwa bunduki ya kuwindia kulungu, kitoweo huna, utaokota manyoya tu. Wenyewe wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hutumia .22, ile ndogo ambayo risasi yake ya kawaida haifiki hata gramu 3, au bunduki ya marisau, ile inayorusha vijirisasi vingi kwa mpigo mmoja. Ipi kati ya hizo mbili? Hapo ndipo wazee wao hubishana mpaka kahawa inapoa.

Mkwe mwenzangu, baba wa kijana aliyemuoa binti yangu, anaishi Missouri, kwenye vilima vya Ozark. Nilipowatembelea Oktoba 2019 alitandika bunduki tatu mezani akaniambia nichague. Leseni ilikuwa imetangulia. Sheria ya Marekani haimruhusu mgeni wa viza kama mimi kumiliki wala kubeba bunduki, ila awe na leseni ya uwindaji au sababu nyingine chache zilizotajwa. Mafunzo ya lazima yalinipita, kwani Missouri huyadai kwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1967, na mimi ni wa 1952. Binti yangu alicheka. "Baba, kumbe uzee nao una faida!"

Ya kwanza ilikuwa marisau ya .410, nyembamba, nyepesi, ambayo wengi humpa mtoto kwa kuwa haimpigi bega. Kwa maoni yangu wanamwonea mtoto, na mnyama pia. Marisau yake ni machache, ukikosea kidogo kindi anajeruhiwa na kwenda kufia ndani ya shimo la mti. Mwenye kuifaidi ni fundi aliyekomaa. Ya pili ilikuwa marisau ya namba 20 (namba ikipungua tundu linapanuka, kwa hiyo 12 ni kubwa kuliko 20, msiniulize, hesabu hiyo tuliikuta). Hiyo ni nzuri majani yakiwa bado mazito na kindi anaruka tawi hadi tawi. Ubaya wake utaujua mezani, jino likigonga risasi.

Nilichagua .22 yenye darubini, na sikuhitaji kufikiri sana. Ujanani nilifanya kazi kwenye shamba la katani upande wa Thika, na mwenye shamba alikuwa na leseni ya kuwinda ndege na wanyama wadogo. Mimi nilibeba mfuko. Jioni kanga walipokuwa wakirudi kulala kwenye migunga, alitumia marisau. Akiwinda sungura alitumia .22, na hakufyatua kabla hajaniuliza kuna nini nyuma ya yule mnyama. Kama sikuwa na jibu, tulimwacha sungura akaenda zake. Kanga walipofika jikoni, mpishi aliwapapasa nyama kwa vidole, akawa anatoa marisau moja moja na kuyadondosha kwenye kisahani cha bati, ting, ting, huku akimlaani tajiri wake kwa sauti ya chini. Sungura hawakumpa kazi hiyo.

Swali lile la "nyuma kuna nini" ndilo kiini cha .22. Ni ndogo, lakini risasi yake huweza kuruka zaidi ya kilomita 2, na onyo hilo huchapishwa kwenye paketi. Kindi akiwa juu tawini na nyuma yake ni anga tupu, hapigwi. Unangoja ashike shina, ili mti wenyewe uizuie risasi.

Kwa hiyo tulingoja. Tulikaa chini ya mti wa hikori, ambao kindi hula kokwa zake, alfajiri, baridi ikitupenya magotini, tukisikia vumbi la maganda likidondoka juu ya majani makavu, tap, tap. Ndivyo unavyojua yuko juu anakula. Nililenga kichwa, nyama yote ikabaki salama. Kumchuna nako ni darasa. Unakata chini ya mkia bila kuitoboa ngozi ya mgongoni, unaukanyaga mkia, unavuta miguu ya nyuma, na ngozi inachunika mpaka shingoni. Waliokomaa huchemshwa polepole mpaka nyama iachane na mfupa, wachanga hukaangwa. Ladha yake iko karibu na sungura. Msimu wao kule huanza mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Februari, na kikomo ni kindi 10 kwa siku. Hiyo ndiyo nyundo ya msomaji wako.

Wala tusijidanganye kwamba ufundi huo ni wa wageni. Mjomba wangu, kule Mwala, alikuwa na podo lenye mishale ya kila namna. Ya sumu ya msunguti, mti wenye utomvu wa kuua, ilikaa peke yake, imeviringwa ngozi, na watoto hatukuruhusiwa hata kuisogelea. Ya kwale na sungura ilikuwa ya mti mtupu, haina chuma wala sumu. Angemcheka vibaya mtu aliyepoteza mshale wa msunguti kwa sungura.

Sitaki uwindaji urudishwe Kenya. Watu tumekuwa wengi, wanyama wamebaki wachache, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwadhibu hata anayewinda kitoweo cha nyumbani. Iache ilivyo. Kinachoniuma ni kwamba bunduki iliondoka, mshale ukaondoka, tukabaki na waya, na kuhusu waya sioni barua hata moja katika gazeti hili.

Waya wa breki za pikipiki, waya unaopatikana kwa kuchoma matairi, waya wa ua. Mtu anafunga kitanzi kwenye mwanya ambao wanyama hupitia, anaondoka. Ametega digidigi, lakini kitanzi hakijui digidigi. Kinamshika swara mwenye mimba, kinamshika mbwa wa jirani, kinamkata twiga mguu. Mwezi jana, kwenye ploti ya mpwa wangu nje kidogo ya Kitengela, tulimkuta digidigi jike. Kitanzi kilikuwa kimezama shingoni hadi hakionekani, na udongo ulikuwa umechimbwa kwa kwato pande zote, duara kamili, urefu wa ule waya. Alikuwa ameoza. Aliyemtega hakurudi hata kumchukua.

Huyo hakuchagua silaha, hakuchagua mnyama, hakuuliza nyuma kuna nini. Kumwita mwindaji ni kuwatukana wawindaji.

Basi wenye ploti Kitengela, Isinya, Athi River na Lukenya, wengi wenu mnaishi hapa Nairobi na mnafika huko mara moja moja kuangalia kama vigingi bado vipo. Mkifika, zungukeni ua wote kwa miguu, hasa asubuhi. Tazameni mianya ya chini, usawa wa goti. Bebeni koleo la kukatia, kwa sababu waya wa breki haukatiki kwa mkono. Mkiukuta ung'oeni na mwondoke nao, msiuache pale chini, kisha mwarifu KWS, Shirika la Wanyamapori.

Babu wa Donholm,
Nairobi