Barua kwa Mwanangu Rehema: Leseni Kwanza, Tiketi Baadaye

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Sisi huku Sacramento hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba yako aliisoma ile meseji yako kwa sauti, akairudia tena, eti umemaliza utarajali na jina lako limeingia kwenye daftari la Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Hongera sana, binti yangu. Umesoma kwa shida na umefika.

Umeniuliza, makaratasi ya ukaazi yakitoka, utaanza kazi lini. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jibu ni refu, kwenye simu tungekatiana katikati. Tena nimewaona vijana wetu wengi waliotua huku na digrii nzuri za maabara, wakaishia miaka na miaka kwenye maghala na nyumba za kutunzia wazee. Akili wanazo. Kilichowakwamisha ni karatasi ambazo wangezipata kwa urahisi wakiwa bado nyumbani.

Marekani haina leseni moja ya maabara kwa nchi nzima. Serikali kuu ina sheria iitwayo CLIA, ambayo inasema mtu awe na elimu gani ndipo aruhusiwe kupima sampuli ya mgonjwa. Hicho ni kiwango cha chini. Baada ya hapo kila jimbo lina uamuzi wake. Texas, Minnesota, Ohio na majimbo mengine mengi hayamdai mtaalamu wa maabara leseni ya jimbo; hospitali inaangalia digrii yako na cheti cha mtihani wa ASCP, chama cha Marekani cha patholojia ya tiba, basi. Lakini hapa California, na New York, Florida, Tennessee, Louisiana, Nevada, Hawaii na majimbo mengine machache, bila leseni ya jimbo huwezi kufanya kazi hiyo, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini. Na kila jimbo lina ofisi yake na masharti yake. New York, kwa mfano, ilianza kudai leseni mwaka 2006, na anayeitoa ni idara ya elimu ya jimbo. Huku kwetu ni idara ya afya.

Nakuomba usilione hili kama dharau kwa elimu ya nyumbani, maana najua utakasirika kama walivyokasirika wengine. Mwaka 1987 waandishi wa habari walifichua maabara zilizokuwa zikisoma slaidi za saratani ya mlango wa kizazi kwa pupa. Wasomaji walilipwa kwa idadi ya slaidi, wakawa wanazipitisha mbio mbio, na wanawake walioambiwa wako salama wakafa kwa saratani ambayo ilikuwa pale pale kwenye kioo. Hao walikuwa Wamarekani wenyewe, wamesomea hapa hapa. Mwaka uliofuata, 1988, ndipo CLIA ya sasa ilipopitishwa, na kanuni zake zikaweka kikomo: mtu mmoja asisome zaidi ya slaidi 100 kwa saa 24. Kwa hiyo wanaponiuliza leseni yangu, mimi nawafikiria wale akina mama.

Na wewe mwenyewe unaijua kazi yetu. Inakuja tyubu kutoka wodini, unaiweka kwenye mashine, potasiamu inatoka juu kuliko ya mtu anayeweza kuwa hai, halafu kalisiamu karibu hakuna. Asiyefundishwa anapiga simu kwa daktari: mgonjwa anakufa! Daktari anaanza kumshusha potasiamu mtu ambaye hana tatizo lolote. Aliyefundishwa anatulia, anaziangalia namba zile mbili kwa pamoja, anajua kwamba kuna mtu amejaza tyubu ya kifuniko cha zambarau, akaona amekosea, akaimimina damu kwenye tyubu nyingine. Ile EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye tyubu ya zambarau, ina potasiamu ndani yake na inakamata kalisiamu yote. Sampuli inakataliwa, damu inachukuliwa upya, mgonjwa anaendelea kulala. Hakuna atakayekushukuru kwa hilo, maana hakuna atakayejua.

Sasa California. Ofisi inaitwa Laboratory Field Services, iko Richmond, karibu na San Francisco. Hawa hawatosheki na kuona neno digrii. Wanaifungua transkripti yako, ile karatasi ya chuo yenye masomo na alama zako, somo kwa somo. Masomo huku yanahesabiwa kwa yuniti za muhula, nao wanataka yuniti 16 za kemia, 18 za biolojia na 3 za fizikia, na ndani ya hizo wanatafuta masomo maalumu: hematolojia, mikrobiolojia ya tiba, imunolojia, kemia ya uchambuzi na kemia ya kitabibu. Fizikia yenyewe wanataka iguse mwanga na umeme. Wengi huuliza fizikia ya nini kwa mtu wa maabara, lakini fikiria mashine ya kemia: inapitisha mwanga kwenye sampuli na kupima kiasi kilichomezwa, na sodiamu na potasiamu zinapimwa kwa elektrodi. Ukiwa hujui mwanga na umeme, siku mashine ikianza kusema uongo hutajua.

Tatizo la vyuo vyetu ni majina ya masomo. Unaweza kuwa umesoma hematolojia mihula mitatu, lakini kwenye transkripti imeandikwa jina la jumla ambalo halimwambii chochote mtu wa Richmond. Hapo ndipo wanaporudisha maombi. Kwa hiyo nenda kwa msajili wa chuo chako, uombe maelezo ya kila somo, kilichofundishwa, saa za darasani na saa za maabara, yakiwa na sahihi na muhuri. Omba pia barua ya mahali ulipofanyia utarajali, ieleze ulikaa idara gani na kwa wiki ngapi. Hapo ulipo ni nauli ya daladala na subira kidogo kwenye foleni. Ukishafika huku, itakuwa kumsumbua mtu kwa simu usiku wa manane, na unajua ofisi zetu zilivyo kwa mtu asiyesimama mlangoni.

Transkripti itatumwa kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje. Hakikisha kampuni hiyo inatambuliwa na jimbo na pia na ASCP, na tathmini iwe ya somo kwa somo. Ile ya jumla ni rahisi kwa bei, lakini watu wa California haiwatoshi, utalipa mara mbili. Chuo kinatakiwa kuituma chenyewe au kukupa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Usiifungue hata kama hamu inakusumbua.

Mtihani ni wa ASCP, wale wa Chicago. Maswali 100, saa mbili na nusu, kwenye kompyuta. Ukijibu vizuri linalofuata linakuwa gumu zaidi, kwa hiyo ukiona maswali yanakutoa jasho usikate tamaa. Alama ya kufaulu ni 400 kati ya 999. Kwenye parasaitolojia sina wasiwasi na wewe. Huku wenzangu wengi wanaona slaidi ya malaria mara chache mno, na ikitokea huniita mimi niende kwenye hadubini. Kaza benki ya damu. Zile paneli za kutambua kingamwili, ukae nazo mpaka uweze kuondoa kingamwili zisizohusika moja moja bila kubahatisha. Halafu vizio vya kuandikia majibu: wewe umezoea glukosi, yaani sukari ya damu, 5 kwa milimoli, hapa wanaandika 90 kwa miligramu. Zidisha kwa 18. Jizoeze sasa ili ukiona namba ujue papo hapo kama mgonjwa ana shida.

Ukishafaulu, California bado inataka ushahidi wa mafunzo ya mwaka mmoja kwenye maabara, na kuna jaribio la sheria za jimbo la kufanya mtandaoni. Nafasi za mafunzo hapa ni chache na zinagombewa na watoto waliosomea papa hapa.

Ndiyo maana nasema jambo ambalo moyo wangu haulitaki. Ningependa utue Sacramento, ulale chumba cha karibu na changu, tuingie zamu pamoja. Lakini naona uanzie Dallas kwa mjomba wako. Texas haitakudai leseni ya jimbo. Ukiwa na tathmini na cheti cha ASCP unaweza kuomba kazi ya maabara yenyewe, ukapata uzoefu, ukalipwa mshahara wa taaluma yako. Wakati huo huo maombi yako ya California yatakuwa yanaenda polepole. Nimelizungumza na baba yako, naye hakulipenda, ila hakuwa na jibu.

Kama utasisitiza kuja hapa kwanza, sitakuzuia, utaanza na uchukuaji wa damu. Nao huku una leseni yake: saa 40 za darasani, saa 40 za vitendo, uchome mishipa 50 na vidole 10. Ni kazi ya heshima na inakuingiza hospitalini. Hofu yangu ni kwamba mtu huzoea, bili zinaanza, mtihani unaahirishwa mwaka hadi mwaka. Kwa mtu mwenye digrii yako nisingependa.

Hata ukiwa Dallas, usiache kuandaa karatasi za California. Ukihamia baadaye, Richmond watauliza masomo yale yale, na fizikia ile ile. Angalia transkripti yako leo hii uniambie kama fizikia ya chuo imo. Kama haimo si mwisho wa dunia, utaichukua kwenye chuo cha jamii ukishafika, ila nataka tujue mapema.

Pesa za chuo na tathmini nitakutumia kwa simu ya bibi yako mwisho wa mwezi. Nenda kwa msajili Jumatatu asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, uchukue jina la mtu aliyekupokea. Mpe bibi shikamoo zangu, mwambie dawa zake za presha asizirushe.

Mama yako.