Sarafu nene isiwatie watu tamaa bure

Mhariri, shikamoo. Mimi nauza samaki hapa Tanga, sarafu napokea kutwa nzima, nimeona niandike maana kuna kijana wa mtaani kwetu Ngamiani kauziwa sarafu ya shilingi mia kwa elfu hamsini, kaambiwa ni nene kuliko zingine eti kiwanda kilikosea. Iliniuma sana. Nikaichukua nikaiweka kiganjani pamoja na mia nyingine ya mwaka uleule, kweli ukingo umevimba kidogo ila katikati ziko sawa, halafu tukaenda kwa sonara akazipima kwenye mizani yake ya dhahabu, uzito uleule! Sasa jamani, kama chuma kimezidi unene na upana haujapungua, si lazima uzito nao uzidi? Ile imegongwagongwa tu pembeni, mdomo ukajikunja ukanyanyuka, hata alama za nyundo zinaonekana ukiinamisha kwenye jua.

Makosa ya kweli yapo, sikatai, picha kukaa upande au kugongwa mara mbili kiwandani. Na zile sarafu za heller 20, hela ya enzi za Mjerumani, zilizopigwa Tabora 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zenye taji na herufi DOA (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), zilitengenezwa kwa haraka karakana ya reli, bibi yangu alikuwa nayo moja na maandishi yake yamefifia upande mmoja. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hujatoa hela yako nenda kwa sonara kwanza, kupima ni dakika moja tu.

Muuza samaki, Tanga