Biti ya sekunde kumi bado siyo wimbo

Kijana anaingia studio kwetu na laptopu begani, anafungua FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, anabonyeza pleyi. Ngoma inapiga kweli: kiki nzito, sneya, haihati, besi ya kutikisa meza. Sekunde kumi hazijaisha, biti inarudi mwanzo. Inarudi tena. "Bro, hapa ndipo nimekwama tangu mwezi wa tatu."

Wateja wa namna hii tunawapata kila wiki, na wengi huja wakidhani programu imeharibika. Haijaharibika. FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji miaka ya tisini kwa jina la FruityLoops, ilianza kama mashine ya kuzungusha midundo, na mpaka leo anayeanza huvutwa azunguke papo hapo. Unachotengeneza kwanza ni pateni, yaani kipande. Wimbo unapangwa kwingine, kwenye dirisha la Playlist (bonyeza F5). Juu kuna kitufe kidogo cha PAT na SONG. Kikiwa PAT, utasikia kipande kimoja tu, hata kama umepanga wimbo mzima. Bonyeza L kwenye kibodi, kinahama. Kuna watu wameteseka miezi kwa kitufe hicho.

Sasa hesabu. Kwa mwendo wa BPM 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, baa nne (si zile za bia; baa moja hapa ni mapigo manne) ni sekunde 9.6. Wimbo wa dakika 3 unataka baa 75. Ukitengeneza singeli kwa BPM 200, baa 75 hizo hizo zinakwisha kwa dakika moja na nusu. Utazijazaje? Anayeanza huongeza vyombo mpaka biti inakuwa kelele. Sisi tunamwambia apunguze. Tandaza kipande chako chote kwenye Playlist, kisha anza kufuta: mwanzoni ondoa kiki, kwenye ubeti bakiza besi na haihati, kiitikio kikifika rudisha vyote. Kiitikio kitasikika kikubwa bila kuongeza sauti hata moja.

Tatizo jingine ni sauti kuchelewa ukibonyeza kinanda. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya sauti, chagua draiva ya ASIO (kiunganishi cha programu na kifaa cha sauti kinachopunguza ucheleweshaji), halafu shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuicheza. Bafa ya sampuli (vijipande vya sauti) 2,048 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 46, na vidole vinaisikia. Kwa 512 ni kama 12. Sauti ikianza kukwaruza, ipandishe kidogo.

Na tafadhali, kabla hujalipa chochote, kwetu au kwingine, tumia toleo la majaribio. Ni la bure na unaweza kutoa wimbo kamili. Ila mradi uliouhifadhi humo hutaufungua tena mpaka ununue leseni, kwa hiyo toa faili la sauti kabla hujafunga. Nakala za kupakua kienyeji zilizovunjwa kufuli hatuziweki kwenye mashine ya mteja. Tumeshasafisha virusi vya kutosha.

Darasa letu ni Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili nzima, watu wanne tu. Hatufundishi kumiksi (kusawazisha sauti za vyombo) siku ya kwanza. Unakuja na kipande chako, unaondoka na wimbo wenye mwanzo na mwisho, hata ukiwa mbaya. Njoo na hedifoni zako na chaja. Za kuazima hatuna.