Yah: Sauti Kutoendana na Picha Kwenye DVD ya Harusi Mliyonitengenezea

Chumbageni, Tanga
12 Mei 2025

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi niliwalipa shilingi 80,000 mnihamishie VCD ya harusi ya dada yangu, iliyofungwa hapa Tanga mwaka 2004, iwe DVD ya NTSC, mfumo wa video unaotumika Marekani. Sababu niliwaeleza mapema: kaka yetu yuko Marekani na deki yake haisomi DVD za PAL, mfumo tunaoutumia huku kwetu. Mmeifanya kazi hiyo mara mbili na bado ina kasoro.

Katika DVD ya kwanza, mwanzoni sauti na picha vinakwenda pamoja. Kadiri harusi inavyoendelea, sauti inatangulia. Ikifika dakika ya 41 baba amemshika bwana harusi mkono, na neno "nimekuozesha" linasikika midomo yake ikiwa imefumba. "Nimekubali" nayo inatoka huku bwana harusi bado anamtazama baba, akimsubiri amalize. Baba alifariki mwaka 2011, na hatuna mahali pengine anapoonekana akizungumza. Mama alipofika hapo alituomba tuzime.

Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba diski ya VCD imechakaa. Sikubaliani naye hata kidogo. Diski hiyohiyo nikiiweka kwenye deki ya nyumbani inacheza sawasawa mpaka mwisho. Tena mkwaruzo ungeifanya sauti iruke mahali pamoja, ghafla, wakati hapa kosa linakua taratibu. Nimelipima palipo na dufu, nikiangalia mkono unapogusa ngozi na mlio unaposikika: dakika ya 10 sauti imetangulia kama nusu sekunde, dakika ya 30 karibu sekunde 2, dakika ya 50 sekunde 3. Ni sekunde 1 katika kila sekunde 1,000.

Tofauti ya kiasi hicho inafahamika kwa watu wa kazi hii. VCD ya PAL ina fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazofuatana kuunda video. DVD ya NTSC inacheza fremu 29.97, si 30 kamili. Programu ikitengeneza fremu 30 kwa kila sekunde ya VCD, kisha deki ikazicheza kwa 29.97, picha inabaki nyuma kidogo kidogo huku sauti ikishika mwendo wake wa kawaida. Kwa saa nzima pengo linafika sekunde 3.6. Vipimo vyangu vinaangukia hapohapo, ndiyo maana naamini programu yenu ilipangwa kwa 30.

Mara ya pili mliisogeza sauti yote nyuma kwa sekunde 1.5. Matokeo yake, mwanzoni sasa sauti inachelewa, dakika ya 25 inakaa sawa, na mwishoni inatangulia tena. Kusogeza kunafaa pale pengo linapokuwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho. Pengo linalokua halitibiki hivyo, na fundi angeiangalia DVD hadi dakika ya 50 kabla ya kunikabidhi angeliona mwenyewe.

Ninaomba kazi ianzwe upya kutoka kwenye VCD yenyewe, isiwe kutoka kwenye faili lililokwisha kuharibika, na programu ipangwe kwa fremu 29.97. Kama mnataka kuiacha picha mliyokwisha kuitengeneza, basi sauti ya awali, kabla ya kusogezwa, irefushwe kwa asilimia 0.1, yaani dakika 50 ziwe dakika 50 na sekunde 3. Sikio halitambui badiliko dogo namna hiyo. Sauti ya VCD ni kilohezi 44.1 (yaani sampuli 44,100 za sauti kwa sekunde) na ya DVD ni 48, kwa hiyo ibadilishwe bila kuguswa urefu wake. VCD nitaileta mwenyewe na nitaondoka nayo siku hiyohiyo, maana hatuna nakala nyingine.

Naomba nikabidhiwe kabla ya tarehe 26 Mei ili kaka aipate kabla ya Idi Kubwa. Tutaiangalia pamoja hapo ofisini kwenu, mwanzo, katikati na mwisho, kisha ndipo nitasaini kuipokea. Ikishindikana, nirudishiwe shilingi zangu 80,000 kwa ukamilifu.

Wenu,
Mteja, Tanga