Barua ya Wazi kwa Vijana Waandishi wa Jinja

Wanangu,

Hadithi zenu za mashindano, juu ya wazee wetu waliopinga ukoloni, nimezisoma zote, na nimeudhika. Karibu kila moja ina shujaa mwenye mkuki asiyeogopa kitu, Mzungu anayefoka tu, na kijiji kizima chenye kauli moja. Hakuna msaliti. Hakuna karani, tarishi wala mkalimani wa Bwana DC, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Sasa Mwingereza alitutawala kwa mikono ya nani?

Okonkwo, shujaa wa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), anamkata kichwa tarishi wa serikali, Mwafrika mwenzake, na hakuna anayemuunga mkono. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapa Makerere, alithubutu zaidi katika riwaya yake ya 1967, A Grain of Wheat. Kihika, mpigania uhuru, amenyongwa. Kijiji kinamwona Mugo kuwa shujaa, kinamsihi ahutubie siku ya Uhuru. Mugo anasimama mbele ya umati na kutamka kwa kinywa chake kwamba aliyemsaliti Kihika ni yeye. Kila nilipowasomea wanafunzi sehemu hiyo, darasa lilinyamaza kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na mwandishi anayeogopa kuifunua nguo hiyo ataishia kuandika hotuba za sikukuu.

Na wanawake je? Mmewaweka pembeni walie tu! Msomeni Sembène Ousmane wa Senegal, riwaya yake ya 1960, God's Bits of Wood, juu ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger wa 1947–48. Maji yamekatwa, njaa imeingia. Kondoo dume wa tajiri mmoja anakula mchele wa watoto; Ramatoulaye, dada wa tajiri huyo, anamchinja kondoo, na polisi wanapokuja, wanawake wa mtaa wanapambana nao.

Lawama nyingine si yenu. Shule zetu zinawakaririsha muhtasari wa mtihani huku riwaya zenyewe zimefungiwa kabatini. Hilo ni aibu yetu wazee.

Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, mnamsifu, na anastahili. Alifariki hapa kwetu Mpumudde mwaka 1923. Lakini mbona hakuna aliyemwandika Semei Kakungulu, Mbaganda aliyeshiriki kumkamata Kabalega mwaka 1899? Au Bunyoro ya 1907, wenyeji walipowakataa machifu Wabaganda waliowekwa na Waingereza? Au Walamogi kule Acholi, 1911–12, waliokimbilia milima ya Guruguru wasinyang'anywe bunduki zao?

Nawapenda, ndiyo maana nawakaripia. Andikeni upya. Mkuki uwekeni kando kwanza. Anzeni na yule karani, jioni anaporudi nyumbani na mkewe hataki kumpakulia chakula. Nileteeni kabla ya Idi, nami nitasoma kila ukurasa.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Walukuba