Rehema, turudi kusoma

Waterford, Ireland, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi huku mzima, namshukuru Mungu, na wasiwasi ni juu yako tu uliye mbali na upeo wa macho yangu. Miezi saba bila hata salamu! Najua duka limekumeza, na najua mama alikuwa haumwi kidogo, kwa hiyo sikulaumu. Shemeji hajambo? Haya, mengine utanijibu, maana leo nina jambo moja na sitaki lipoe.

Alhamisi nilimsindikiza bibi mmoja wa kule kazini kupimwa macho New Ross. Mwanawe akaja kumchukua kwa gari, mimi nikabaki kungoja basi la kurudi, na basi lenyewe ni mpaka dakika 50 zipite. Nikashuka hadi gatini, pale kwenye Mto Barrow ilipofungwa ile meli ya Dunbrody, mfano wa meli zilizobeba waliokimbia njaa kwenda Marekani. Maji yamekupwa, tope linang'aa, shakwe mmoja anavuta kipande cha kamba ya nailoni kilichonasa kwenye jiwe. Anavuta, anaacha, anavuta. Nimesimama namtazama, mara nikaisikia sauti yako. Unatusomea kikundi chetu mtandaoni ule ukurasa wa mwisho wa Foster, kile kitabu cha Claire Keegan, mtoto anakimbia njiani kumfuata Kinsella, yule mlezi wake, nawe unatafsiri papo hapo kwa ajili ya Mama Pendo, ukafika kwenye lile neno ukanyamaza.

Unakumbuka? Tulidhani mtandao umekata. Idi anaita, "Rehema, upo? Rehema?" huku anatafuna, maana hakuna siku Idi alikutana nasi bila sahani. Kumbe umekwama kwenye "Daddy". Mtoto yumo mikononi mwa mwanamume aliyemlea kiangazi kile kimoja, anamwona baba yake mzazi anakuja nyuma ya bega la huyu, anatamka neno hilo mara mbili, na Keegan hatuambii zaidi. Anamwita nani, na anamwonya nani? Ukasema wewe, "Kwetu halikati. Kwetu kila mwanamume wa rika lile ni baba." Mama Pendo akasema basi iwe baba na baba, msikilizaji ahangaike mwenyewe. Mwalimu akang'ang'ania "baba yangu". Tukabishana mpaka ile programu ya bure ikatutoa dakika ya 40, tukaingia tena, ikatutoa tena. Mara tatu! Saa saba usiku bado nabishana na Mwalimu kwa meseji, na alfajiri nina zamu.

Hicho ndicho kikundi ninachokitaka, Rehema. Nakitaka kirudi.

Nimelifikiria sana, nalisema wazi: aliyekizima ni mimi. Nilikwenda Dublin tarehe 16 Juni, nikawakuta watu wamevaa kofia na suti za 1904 wanasoma Ulysses, ile riwaya ya James Joyce, kwa sauti barabarani, nikarudi nimewaka moto. Nikaona hatuwezi kujiita wasomaji wa Waairishi kama hatujasoma Ulysses. Sehemu 18, kurasa zaidi ya 700, siku moja tu ya mji mmoja, hiyo 16 Juni 1904. Tukafika sehemu ya tatu, yule kijana anatembea ufukweni Sandymount amefumba macho, na hapo ndipo zikaanza: huyu bando limeisha, huyu ana mgeni, huyu kabadilishiwa zamu. Hakuna aliyesema haelewi. Mimi nikadhani ni uvivu, nikaandika ule ujumbe. Unaujua. Mama Pendo alitoka kwenye kikundi usiku uleule.

Wiki iliyopita nimempigia. Nilishindwa hata kuanza, yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilitaka kusomewa. Sikutaka mtihani." Nimemwomba radhi, kanisamehe, yamekwisha. Lakini neno lake limekaa. Kusomewa! Sisi tulidhani vitabu ndivyo vilivyotukusanya, kumbe ni wewe na sauti yako, na kule kutafsiri kwako kwa kuhangaika, neno moja dakika tano.

Sasa sikia. Nataka tuanze tena na Keegan huyohuyo, Small Things Like These, kile cha 2021. Kurasa mia na kitu, mikutano mitatu tumemaliza. Na ni New Ross yenyewe, gati hilohilo nililosimama! Ni 1985, Krismasi inakaribia, Furlong anauza mkaa wa mawe na kuni, ana mke na mabinti watano. Anapeleka mzigo kwa masista, anafungua banda la mkaa, anamkuta msichana amefungiwa humo. Kitabu kizima ni yeye na moyo wake baada ya hapo, na mji mzima unaojua na kunyamaza. Mke wake haikosi atatugawa, wengine watasema ana roho ngumu, mimi nasema ni mama anayehesabu mabinti wake watano. Lakini tusubiri.

Yale madobi ya masista, nyumba za kufulia nguo, yalikuwepo kweli. Wasichana na wanawake walifungiwa humo wanafua nguo za watu bila mshahara, na la mwisho lilifungwa Dublin mwaka 1996, sisi tuko shule ya msingi tunaruka kamba. Serikali iliomba radhi 2013. Hapa Waterford jengo lilipokuwa dobi la masista liko College Street, siku hizi ni la chuo kikuu, na mimi hupita hapo nikienda kazini. Na kuna bibi mmoja kwenye nyumba yetu ya wazee, kila leso anayoiona mezani ataikunja, pembe juu ya pembe, halafu anaipitisha kiganja mara mbili kuinyoosha. Anakunja za meza nzima. Sijamwuliza alijifunzia wapi, wala sitamwuliza. Lakini tangu nisome kitabu kile sijaweza kuitazama mikono yake vilevile.

Mwalimu nimemdokeza, anataka tamthilia ya Brian Friel, ile iliyochezwa Derry 1980, wanajeshi wa Kiingereza wanapima ardhi na kubadilisha majina ya vijiji vya Ireland. Nimemwambia itafuata. Musafiri wa Bukavu bado ana lake la Roger Casement, Mwairishi aliyeandika ile ripoti ya 1904 ya mateso ya Kongo, maana mshairi Yeats alimtungia mashairi baada ya Waingereza kumnyonga. Naye nimemwahidi. Joyce atarudi pia, ila kwa hadithi zake fupi za Dubliners. Ziko 15, moja kila mkutano, na hakuna wa kulazimishwa.

Ninachokuomba ni kimoja tu: usome wewe. Jumapili ya kwanza ya Desemba, saa tatu usiku hapo Tanga, Bukavu saa mbili, kwangu saa kumi na mbili jioni. Safari hii nalipia programu, hatutolewi. Ukichoka unasema, tunaacha. Nakala yako nimempa Pendo, anasafiri tarehe 20, ataifikisha mpaka dukani. Pembeni nimeandika kwa penseli, usinifokee.

Je, utaweza? Mama analala saa ngapi siku hizi, au tusogeze muda? Watoto wameshafunga shule? Idi unaonana naye, na ile namba yake ya zamani bado inaingia? Umwambie wewe au nimwambie mimi, maana nahisi bado ana kinyongo na ujumbe wangu? Na ile "Daddy", umeshaamua? Mimi nimeiangalia tena ile filamu ya Foster ya 2022, waliyoicheza kwa Kiairishi. Wao wanalo lao, mtoto anasema Daidí, na linakata vilevile. Sisi je? Nimejaribu "baba" kwa sauti ya chini kwa wa kwanza, na kwa sauti ya hofu kwa wa pili. Jaribu ukiwa peke yako dukani, halafu nitumie sauti.

Wako akupendaye,
Salma