Zena, kuhusu ile voisi yako ya juzi

Mambo shoga angu, za Dar? Huku Tabora jua kali na vumbi tu. Voisi yako nimeisikiliza yote, ile unayocheka kwamba wanafunzi wa Marekani wamedekezwa mpaka wanataka eneo salama la kujificha wasisikie maneno makali, ukanitajia na barua ya Chuo Kikuu cha Chicago ya 2016, ile waliyowaambia wanafunzi wapya kwamba hapa hatumfutii mgeni mwaliko eti mada yake inakera, wala hatutaki maeneo ya kukimbilia mawazo yasiyokupendeza. Sawa. Hata mi hiyo ya kufuta wageni siipendi, kule Chuo Kikuu cha Berkeley, California, Februari 2017 watu walichoma moto na kuvunja vioo ili Milo Yiannopoulos, yule mchokozi wa mrengo wa kulia, asiongee, jamaa akazidi kupata umaarufu, faida iko wapi sasa? Na ni Berkeley hiyohiyo ambayo 1964 wanafunzi walibebwa na polisi kwa mamia wakidai haki ya kuongea siasa chuoni.

Ila ngoja nikupe ya huku. Mwezi uliopita tulikuwa na mdahalo hapa chuoni kwetu, mada wasichana waliojifungua kurudi shule, si unajua serikali iliruhusu toka Novemba 2021 lakini watu wanabishana kama vile imetangazwa jana. Akasimama binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole huyo, karatasi inamtetemeka mkononi, kasema "mimi nina mtoto na..." basi, hakufika mbali. Kule nyuma wakaanza kugonga meza, mmoja anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, ukumbi mzima kicheko. Tukamwambia mwenyekiti wanyamazishe bwana, katujibu eti ni uhuru wa maoni. Binti kakaa chini. Waliopinga wakashinda kwa makofi, hoja hawajajibu hata moja.

Ndo tukaomba darasa, Jumatano jioni tunakaa wasichana wenyewe. Shoga, mle ndani kunabishwa kuliko ukumbini! Kuna mmoja anapinga kabisa hao wazazi kuchanganywa na watoto wadogo madarasani, na hataki kusikia, lakini yule yule binti wa karatasi alimjibu mpaka tukasahau muda wa kula. Sasa wavulana wanasema tunakimbia hoja, neno lako hilohilo Zena. Hoja ipi tuliyokimbia, ule wimbo wa kubembeleza?

Na Chicago usiniletee nusu. Ile barua imeegemea ripoti yao ya 2015, na ripoti inasema msemaji unaruhusiwa kumpinga, hata kumlaani ukitaka, ila kumzuia asiseme hapana. Kwa hiyo kwa utaratibu wa Chicago wenyewe wenye kosa ni wagonga meza, sisi wa darasani tuko salama kabisa (samahani kwa hilo neno, najua linakukera).

Halafu nyie mnaosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, msisahau ya kwenu. 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400 wakarudi makwao, wengi walirudishwa baadaye lakini ujumbe si ulishafika. Na yeye kasoma hapahapa Tabora Boys! Hapo hakuna aliyedeka, aliyekerwa na maneno alikuwa mkubwa mwenyewe.

Mi nimependekeza mdahalo ujao mwenyekiti awe na kengele, anayegonga meza atoke nje, na aliyekatizwa dakika zake zianze upya. Kasema atafikiria. Akifikiria sana nafasi yake nagombea mimi muhula ujao. We nitumie hiyo ripoti, kurasa zenyewe chache, niichapishe niibandike ubao wa matangazo, ile sehemu ya kuzuia naipigia mstari kwa peni nyekundu.

Dagaa wa mama wamefika toka Kigoma, wa kwako nimewatenga, tafuta mtu anayekuja na treni maana wenzangu wa bweni wameshaanza kuwaulizia.